Shajara ya RO ya nyumbani, Maji ya Chai (Arumeru): kushusha floraidi kutoka 1.9 hadi 0.4

Februari 8, 2025. Hali tuliyoanzia

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Arumeru, na wa popote penye floraidi, ambao wameshanunua mashine ya RO (inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupita kwenye utando), fundi ameifunga chini ya sinki, na wanakunywa maji yake bila wasiwasi. Yetu ilifungwa Novemba. Ni ile ya kawaida ya hatua tano: chujio la nyuzi la mikroni 5, kaboni ya chenga, kaboni ya kushindiliwa, membreni, yaani utando wenyewe, ya galoni 75 kwa siku (kama lita 280), kisha tangi dogo la presha na kaboni ya mwisho kabla ya koki. Inasukumwa na pampu ya volti 24.

Maji tunayatoa kisima kirefu tunachochangia na majirani. Ukiyatazama kwenye glasi huoni kasoro. Ni maangavu, na sabuni inatoa povu upesi kuliko kawaida. Povu hilo ndilo dalili. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba soda nyingi na chokaa kidogo. Chokaa ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi ikaganda hukohuko chini. Kwa kuwa ni kidogo, floraidi inapanda nayo mpaka kwenye ndoo.

Majibu ya maabara: maji ya kisima yana floraidi miligramu 7.2 kwa lita. Koki ya RO, 1.9. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na sasa nasi tuko kwenye 1.5. Kwa hiyo mashine inayofanya kazi, yenye taa inayowaka na maji yanayotiririka, bado ilikuwa inatunywesha maji yaliyovuka kikomo.

Tuna mtoto wa miaka mitatu. Meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu miaka minane, na ndicho kipindi ambacho floraidi inayaharibu. Jino likishachomoza na madoa ya kahawia, dawa ya mswaki haiwezi kuyatoa. Lengo nililoweka ni floraidi isiyozidi 0.5 kwenye maji ya kunywa na ya kupikia.

Niseme mapema, kwa sababu bado nasikia watu wakishauriana hivyo: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na kinachobaki sufuriani kinakuwa kikali zaidi.

Februari 15. Kupima kila kituo

Nilinunua kalamu ya TDS. Haipimi floraidi. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kwa hapo inakadiria chumvi zote zilizoyeyuka. Lakini inatosha kuonyesha mahali tatizo lilipo, mradi usiishie kupima kwenye koki. Chomoa mrija wa robo inchi kwenye kila kiungo, acha mashine itembee nusu saa, halafu kinga.

Kisima: 620. Baada ya machujio matatu ya mwanzo: 618. Moja kwa moja kwenye mdomo wa membreni: 88. Maji ya kutupwa: 1,150. Koki ya jikoni: 148.

Namba hizo zina habari tatu. Kwanza, machujio ya mwanzo hayagusi chumvi iliyoyeyuka. Kazi yao ni kuilinda membreni dhidi ya mchanga na klorini. Pili, membreni inazuia asilimia 86 tu, wakati membreni mpya ya aina hii inatakiwa kuzuia zaidi ya 95. Tatu, maji yanatoka kwenye membreni yakiwa 88 na yanafika kokini yakiwa 148. Kuna kitu njiani kinayaharibu. Kwa hiyo ni matatizo mawili yanayojitegemea, na niliamua kuanza na membreni.

Hesabu ya kuzuia ni hii: toa namba ya maji safi kwenye namba ya maji yanayoingia, gawanya kwa yanayoingia, zidisha kwa 100.

Februari 22. Kaboni ya ziada (haikusaidia)

Dukani muuzaji aliniambia, "Kaka, ongeza chujio jingine la kaboni, utaona maji yanavyokuwa matamu." Nikaongeza. Harufu ilipungua kidogo, TDS haikusogea hata namba moja. Kaboni ya kawaida inashika klorini, harufu na baadhi ya kemikali, haishiki chumvi. Nimelitoa, shilingi 22,000 zimekwenda.

Machi 1. Presha

Hapa ndipo namba ziliposhuka kwa mara ya kwanza. Niliweka geji kati ya pampu na membreni. Ilisoma psi 38 (psi ni kipimo cha presha). Membreni hizi hupimwa kiwandani kwa psi 50, na kwa maji mepesi kuliko yetu.

Nilidhani pampu imechoka. Kabla ya kununua nyingine nikapima umeme wa adapta huku pampu inazunguka: volti 18. Imeandikwa 24 ubavuni, na ukiichomoa kwenye pampu inasoma 24 kweli, lakini ikipewa mzigo inaanguka. Pima adapta ikiwa kazini, la sivyo hutaliona hili. Adapta mpya ya ampia kubwa zaidi, shilingi 35,000, ikapandisha geji hadi 70. TDS ya membreni ikashuka kutoka 88 hadi 58.

Sababu yake ni muhimu kuielewa, kwa sababu inarudi kwenye kila hatua inayofuata. Presha inasukuma maji kupita kwenye utando, lakini haisukumi chumvi. Chumvi inajipenyeza yenyewe kwa mwendo wake, kidogokidogo, uwe na presha ndogo au kubwa. Ukiongeza presha, maji mengi zaidi yanapita katika muda uleule, na chumvi ileile inajikuta ndani ya maji mengi. Presha ikilegea unapata maji kidogo, na hayohayo kidogo ni machafu.

Wenye simtanki juu ya mnara: mita 10 za kimo ni bar moja tu, kama psi 14. Mnara wa nyumbani hauwezi kuendesha membreni bila pampu.

Machi 16. Oringi

Bado 58 ilikuwa kubwa. Maji yanayoingia yalikuwa yaleyale na presha ilikuwa nzuri, kwa hiyo nikashuku kwamba kuna maji ya kisima yanayopita pembeni bila kuchujwa. Nikafungua nyumba ya membreni.

Membreni ina mrija katikati unaotoa maji safi, na mwishoni mwa mrija huo kuna oringi, yaani pete za raba, mbili ndogo nyeusi. Hizo ndizo zinazotenganisha maji safi na maji yenye chumvi kali. Nilipoivuta, oringi ya ndani ilikuwa imevimba, laini kama ulimi, na upande mmoja ilikuwa na mkato mwembamba kama wa wembe. Ukiipitisha kidole huuhisi. Ukiikunja kuelekea kwenye mwanga unaonekana wazi. Ilikuwa imepakwa mafuta ya mgando.

Mafundi wengi wanatumia mafuta ya mgando kwa sababu yanapatikana kila duka na oringi inaingia kwa urahisi. Lakini yanatokana na petroli, na raba ya aina nyingi za oringi hizi inayanywa, inavimba, kisha inakatika wakati wa kusukumwa ndani. Tumia grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, kiasi cha kung'arisha tu. Oringi na grisi: 6,000. Unaporudisha membreni, izungushe polepole huku ukisukuma mpaka uhisi imekaa, usiigonge.

Matokeo: kutoka 58 hadi 41. Ubovu wa oringi una alama yake. Ukiongeza presha, sehemu ya chumvi inayopita kwenye ufa haipungui, kwa sababu presha hiyohiyo inaongeza pia maji yanayovuja. Presha ikiwa nzuri na namba ikagoma kushuka, anza na oringi kabla ya kununua membreni mpya.

Aprili 5. Maji ya kutupwa

Tangu presha ipande, maji ya kutupwa yalikuwa yanasoma 1,480. Nikakinga maji safi na ya kutupwa kwa dakika moja, kila moja kwenye jagi lake lenye alama. Maji safi yalikuwa mengi kuliko yanayotupwa. Anayelipia maji atafurahi kuona hivyo, lakini kwa membreni ni mateso: mwisho wake unaogelea kwenye maji yenye chumvi zaidi ya mara mbili ya kisima, na chumvi inajipenyeza kulingana na ukali wa maji yaliyougusa utando.

Chanzo ni kile kimrija cha kubana kwenye njia ya maji ya kutupwa. Kilichofungwa kilikuwa kidogo mno kwa membreni ya 75. Nimeweka kikubwa zaidi, shilingi 12,000. Sasa lita moja safi inatoka na lita mbili na nusu za kutupwa, na hizo zinasoma karibu 860. Presha imeshuka kutoka 70 hadi 64, kwa kuwa pampu inasukuma maji mengi zaidi, lakini faida imezidi hasara: membreni sasa ni 32. Hiyo ni asilimia 95, na ni membreni ileile ambayo nusura niitupe.

Kuhusu hayo maji ya kutupwa nasisitiza, maana nimeona watu wanayatenga kwa ajili ya mifugo. Floraidi inayozuiwa haipotei, inaingia humo. Kwa hesabu ya maji yetu ni karibu miligramu 10 kwa lita. Ng'ombe na mbuzi nao wanaharibika meno na mifupa. Bustani ya mboga nayo hapana, soda inafanya udongo ushikamane na kukataa maji. Sisi tunadekia, tunasafishia choo, tunafulia nguo za kazi. Ndoo yake ni nyekundu, na kila mtu nyumbani anajua haichotwi maji ya kunywa.

Aprili 12 hadi Mei 24. Resini (imeshindikana, na ina hatari)

Membreni ilikuwa 32, koki ilikuwa 64. Nilijaribu kusafisha mwishoni kwa chujio la resini mchanganyiko (chenga zinazoshika chumvi iliyoyeyuka), lile wanalotumia kwenye maji ya maabara na ya betri. Shilingi 90,000. Siku ya kwanza kalamu ilisoma 1. Wiki zilizofuata ikapanda hadi 4, halafu 11.

Mtu angeridhika na 11. Mimi nilipeleka sampuli maabara, na majibu ndiyo yaliyonifanya niling'oe siku hiyohiyo: floraidi 1.3, wakati maji yaliyokuwa yanaingia kwenye resini yalikuwa na 0.7. Resini ilikuwa inatoa floraidi kuliko inavyopokea.

Maelezo yake ni haya. Resini haishiki kila kitu kwa nguvu sawa. Salfeti inashikwa sana, kloridi na baikaboneti kiasi, na floraidi ni miongoni mwa zinazoshikwa kwa ulegevu kuliko zote. Nafasi zikianza kujaa, wenye nguvu wanaopita wanawang'oa walegevu. Floraidi iliyokusanywa kwa wiki kadhaa inaachiwa ndani ya muda mfupi. Jumla ya chumvi inabaki ndogo, kwa hiyo kalamu haioni kitu. Mahali pasipo na floraidi resini ni chombo kizuri, na kwa wenye samaki wa mapambo au betri inafaa. Kwa maji ya kunywa ya huku kwetu, nashauri kwa moyo wote usiiweke.

Juni 1. Tangi la presha na maji ya kwanza

Nilirudi kwenye swali la awali: maji yanaharibikia wapi kati ya membreni na koki?

Mashine ikiwa imelala usiku kucha, niliiwasha asubuhi mrija wa membreni ukiwa huru, nikapanga vikombe vya plastiki mezani na kukinga kimoja baada ya kingine. Kikombe cha kwanza 190. Dakika ya kwanza 110. Ya tatu 52. Ya sita 34, halafu 32 na ikatulia hapo.

Pampu ikizimwa, maji yanasimama pande zote mbili za utando, lakini chumvi haisimami. Inaendelea kupenya kuelekea upande safi. Pampu ikiwaka, maji hayo ndiyo yanayotangulia. Sasa fikiria jikoni: mtu anachota glasi, presha ya tangi inashuka, pampu inawaka dakika chache, inazima. Kila mwasho unapeleka kikombe kile cha 190 ndani ya tangi. Na tangi lenyewe, linapokaribia kujaa, linasukuma nyuma dhidi ya membreni na kupunguza presha inayofanya kazi. Wakati geji yangu ilikuwa 38, tangi lililojaa lilikuwa limebakiza presha ndogo sana, ndiyo maana kokini tulikuwa tunapata 148.

Juni 8. Ndoo badala ya tangi

Jaribio la kwanza lilikuwa pipa moja la lita 60 lenye mfuniko, likijazwa polepole mchana kutwa. TDS ilikuwa nzuri, 35. Lakini baada ya muda kuta za ndani zilianza kuteleza. Maji ya RO hayana klorini ya kuyalinda. Yakikaa sana kwenye chombo kikubwa kisichooshwa, vijidudu vinapata makao. Floraidi ndogo haitakuwa na maana mtoto akiharisha.

Mpango uliobaki mpaka leo: vali ya njia tatu (9,000) baada ya membreni. Upande mmoja unaelekea kwenye ndoo ya kufulia, mwingine kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki. Tunawasha mara moja kwa siku. Dakika kumi za kwanza zinaenda kwenye kufulia, kisha tunageuza vali na kujaza ndoo kwa mkupuo mmoja, kama saa moja na dakika arobaini. Ndoo ni mbili za zamu, kila moja inaoshwa kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kujazwa, na maji hayakai zaidi ya siku mbili. Ndoo inasoma 32 au 33.

Jambo la kuangalia: swichi inayozima pampu inategemea presha ya tangi. Ukikinga kwenye ndoo hakuna kitakachoizima, hivyo weka kengele ya simu. Faida yake ni kwamba umeme ukikatika jioni, maji ya kunywa yalishakingwa.

Tangi tumeliacha kwa kuoshea vyombo na matunda.

Julai 13. Baridi

Ndoo sasa inachukua karibu saa mbili kujaa. Si ubovu. Maji ya baridi ni mazito kupita kwenye utando, na kila nyuzijoto moja inayopungua inakata takribani asilimia 3 ya maji safi. TDS haijapanda, imekuwa 30. Atakayeona mtiririko umepungua mwezi Juni au Julai asikimbilie kubadilisha membreni, angalie kwanza geji na TDS.

Agosti 2. Majibu ya maabara

Floraidi kwenye ndoo: 0.4. Kisima siku hiyohiyo: 7.1.

Nimefurahi sana na namba hii, zaidi ya nilivyotegemea. Mama watoto ameibandika karatasi ya majibu ndani ya mlango wa kabati.

Hata hivyo mdomoni hakuingii maji peke yake. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage yana floraidi, na majani ya chai nayo yanayo. Magadi tumeyaacha kabisa kwenye chakula cha mtoto. Maharage tunayaloweka usiku kucha, yanaiva vizuri.

Gharama zilizofanya kazi: kalamu ya TDS 25,000, geji na kiungo chake 18,000, adapta 35,000, oringi na grisi 6,000, kimrija cha kubana 12,000, vali 9,000, ndoo mbili 30,000, vipimo vya maabara vyote 75,000. Zilizopotea: kaboni 22,000 na resini 90,000. Jumla 322,000, bila mashine yenyewe. Ukiniuliza kipi ufanye ukiwa na fedha kidogo, anza na kalamu na oringi, kisha tenga maji ya dakika kumi za kwanza. Hiyo ya mwisho haihitaji hata shilingi, unakinga tu kwenye ndoo nyingine.

Kwa jirani asiyemudu RO ipo njia ya mkaa wa mifupa, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa muda mrefu hapahapa kwetu. Mifupa ichomwe inavyotakiwa, isiyoiva inatia maji harufu, na mkaa ubadilishwe kwa kufuata kipimo cha floraidi. Ladha haitakuambia kwamba umechoka.

Septemba 6. Kalsaiti

Wageni walisema maji yana ladha tupu. Yalikuwa pia na uchachu kidogo, pH 6 kwa karatasi ya kupimia, kwa sababu gesi ya kaboni inapita kwenye membreni wakati soda inayoisawazisha inazuiwa. Nimeongeza chujio la kalsaiti (32,000), chenga za mawe ya chokaa zinazoyeyuka taratibu. pH imefika 7.5, ladha imerudi.

TDS ya ndoo sasa ni 58, na hiyo ni kalsiamu, haina ubaya. Lakini ina maana kwamba ndoo si tena mahali pa kuipimia membreni. Nimeweka kiungo cha kukingia kabla ya kalsaiti, na daftari linajazwa kwa namba ya hapo kila Jumamosi: presha, maji yanayoingia, yanayotoka. TDS ya yanayotoka ikivuka 50 na presha iko 64, nafungua kuangalia oringi. Oringi ikiwa nzima, ndipo membreni itabadilishwa. Machujio matatu ya mwanzo nabadilisha Novemba hii. Sampuli ya floraidi inayofuata inaenda maabara Januari.